Nchi Isiyosema Bado

Kidawa binti Machano si mwongo, na hilo nalitanguliza kwa sababu najua mtakavyokunja nyuso. Ni fundi wa mashine za kusaga nafaka. Mikono yake imeingia grisi tangu usichana, na watu wa grisi hawana nafasi ya kutunga. Haya aliyoyaona katika nchi ya Utayari amenisimulia mara tatu, na mara zote tatu yalikuwa yale yale, hata nilipomchokoza makusudi ili nimnase. Basi atakayetaka kubisha akabishane naye. Alifikaje huko? Alifika. Mimi sipendi wasimulizi wanaokupitisha kila kichochoro kabla hawajakufungulia mlango.

Mlangoni kwenyewe alimkuta askari wa mpaka, mtu wa makamo, sare yake imepigwa pasi ikanyooka. Hakutoa salamu wala hakumkaribisha. Alisimama wima akauliza, "Uko tayari?"

Kidawa alikuwa na vumbi hadi kwenye kope, na mkanda wa begi lake la spana ulikuwa umekatika njiani. Akajibu kama mimi na wewe tungejibu: "Bado, kaka yangu. Ngoja kwanza nitue mzigo."

Askari akatazama kulia na kushoto, kama mtu aliyesikia tusi mbele ya mkwewe. "Dada," akanong'ona, "hilo neno humu halisemwi. Sema, 'Tayari tangu jana.'"

"Tayari kwa lipi?"

"Kwa lolote."

Hivyo ndivyo walivyosalimiana watu wa nchi ile, sokoni na msibani. Uko tayari? Tayari tangu jana! Neno "bado" walikwisha kulifuta vitabuni. Mume akiuliza kama chai imechemka, mke alijibu, "Iko njiani kuwa tayari." Na aliyeteleza ulimi akalisema hadharani, aliandikwa katika daftari la ofisi, na kuanzia hapo akaitwa kwa neno lake mwenyewe. Yule askari alikuwa na moyo mzuri, hakumwandika Kidawa. Alimwelekeza tu akapange nyumba ya mwisho karibu na mto, kwa mpishi mmoja aitwaye Somoe Bado, akisema kwamba huko ulimi wake hautamshtua mtu.

Msiwacheke upesi watu wale, maana mwanzo wao ulikuwa wa machozi. Miaka arobaini nyuma mto wao, uitwao Kitulizo, ulifurika siku ya soko ukachukua nusu ya mji. Waliobaki wakaapa kwamba hawatakutwa tena wamezubaa, wakabadilisha hata jina la nchi. Kila nyumba ikaamriwa iwe na furushi la salama, yaani mfuko wa turubai wenye biskuti kavu, mishumaa, viberiti, dawa na hati za nyumba, uwekwe mahali pa kunyakuliwa kwa mkono mmoja. Kila duka likaamriwa liweke viroba vya mchanga mlangoni vya kuzuia maji. Amri njema kabisa. Nani angeipinga?

Ila amri nayo huota kutu. Ili watoto wasidokoe biskuti, ofisi iliyapiga mafurushi mhuri wa lakiri, ile nta ngumu ya kufungia barua. Kisha lakiri yenyewe ikawa ndiyo heshima. Kidawa aliyaona mafurushi yametundikwa sebuleni, lakiri zake zinasuguliwa kwa mafuta ya nazi kila wiki. Bibi harusi aliingia kwa mumewe na furushi la nyanya yake, na mashangazi wa mume waliikagua lakiri kabla ya kumkagua bibi harusi. Kulifungua ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Na vile viroba vya madukani, kwa kuwa kila mwaka vilibebwa mabegani kwenye gwaride, wenye maduka walichoka migongo, wakamwaga mchanga wakatia pumba, wakavipaka rangi ya kupendeza. Ukutani mwa ofisi kuu waliandika kwa herufi zenye kimo cha mtu: USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA. Kidawa anaapa kwamba ufa ulikuwa umepita katikati ya neno "ufa", na kwamba kila mwaka waliupaka rangi pamoja na ukuta.

Somoe alimpokea vizuri. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye mikono minene na maneno mepesi, na bizari ilimnukia hadi kwenye nywele. Sebuleni kwake hapakuwa na furushi. Palikuwa na msumari mtupu ukutani. Chini ya msumari, kitandani, alikaa baba yake, Mzee Makame, aliyepooza miguu miaka kumi na moja. Na juu ya kichwa cha Mzee Makame zilining'inia medali kumi na moja.

"Za nini hizi, baba?" Kidawa akauliza.

"Za mbio," akajibu mzee, uso mkavu.

Kumbe kila mwaka ilikuwako Siku ya Kukimbia, nchi nzima inafanya mazoezi ya kuyakimbia mafuriko. Waandishi wa ofisi walipita nyumba kwa nyumba na daftari, na daftari lilikuwa na safu moja tu: Amekimbia. Safu ya asiyeweza haikuwamo. Mwandishi wa mtaa ule alikuwa mtu wa adabu, hakutaka kumvunjia mzee heshima, basi akaandika hivyo hivyo.

"Mwaka juzi nilikuwa wa nne katika rika langu," akasema Mzee Makame. "Niliumia sana. Nilitarajia wa pili."

Wakacheka wote watatu, mpaka Somoe akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, na Kidawa akaona kwamba machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

Kisa cha Somoe kilikuwa kifupi. Mama yake aliugua homa siku ambayo maduka ya dawa yamefungwa kwa ajili ya gwaride. Somoe akashika kisu akakata lakiri. "Unajua nilikuta nini, mwenzangu? Vumbi la biskuti. Mende wakavu. Na dawa iliyoisha muda wake kabla sijavunja ungo. Mama alikaa siku tatu akaenda zake. Nikatoka matangani nikaenda ofisini, nikawaambia, jamani, sisi bado. Basi. Hilo tu." Wakamwandika. Adhabu yake ikawa kwamba haruhusiwi kukimbia na wenzake Siku ya Kukimbia. Wao watakimbia, yeye atawapikia pilau.

"Na maji yakija kweli," Kidawa akauliza, "mzee atatokaje hapa?"

Somoe alimshika mkono akampeleka uani, akafunua mkeka. Chini yake palikuwa na toroli la gurudumu moja, limetandikwa godoro lililokunjwa. Mara moja kila wiki alimpakia baba yake akamsukuma hadi Kilima cha Mkaa, juu ya mji, na waliomuuliza aliwaambia mzee anakwenda kuota jua. Alidanganya kwa sababu kufanya mazoezi nje ya siku rasmi lilikuwa kosa, na lilikuwa na jina: kutangulia. Mtu akionekana anaharakisha mzazi wake mlimani, si atawatia wenzake hofu?

"Mimi saa yangu ni wali," Somoe akasema. "Nauacha motoni, tunaondoka. Mara ya kwanza tulirudi umeungua, jirani anakohoa moshi. Sasa tunakwenda na kurudi, ndio kwanza unakauka. Ila pale juu kwenye mawe gurudumu hukwama, Kidawa. Kila mara. Na siku hiyo likikwama, nitamwacha nani na niende na nani?"

Kidawa alikuwa na spana. Kesho yake akatoa ekseli ya zamani, akatia mpya, akapaka grisi mpaka gurudumu likazunguka lenyewe kwa kusukumwa na kidole.

Kazi iliyomleta hasa ilikuwa mashine ya kusaga ya ofisi kuu, na huko ndiko alikomjua Mkuu wa Utayari, Bwana Mbaruku. Mnatarajia niwaambie alikuwa mtu mbaya. Hakuwa. Alikuwa mpole, amejifunga mshipi mpana wa hariri kifuani, na alimuuliza kila mfagizi hali ya watoto wake kwa majina. Siku moja, Kidawa kichwa chake kimo ndani ya mashine, Bwana Mbaruku alimwambia bila kuulizwa kwamba siku ile ya soko alikuwa na miaka saba, amemshika dada yake mkono, na kwamba aliuachia. Akaondoka zake taratibu.

Kwa hisani yake Kidawa alikaribishwa katika baraza la matayarisho ya Siku ya Kukimbia. Siku hiyo palikuwa na mjadala mkali. Kundi moja lilishikilia kwamba mbio zianze kwa mguu wa kulia, la pili kwamba wakati wa dharura mguu wowote halali. Walianza baada ya chai ya asubuhi, na adhuhuri ilipoingia mguu wa kulia ulishinda kwa kura mbili. Wakahamia kwenye urefu wa utepe. Hapo Kidawa akanyoosha mkono.

"Samahanini, mimi mgeni. Mbio zenyewe zinaishia wapi?"

"Uwanjani," akajibu katibu, "ukingoni mwa mto. Pana kivuli, na viti vinaenea."

"Ukingoni mwa mto?"

"Zamani tulikuwa tunapanda kilimani," Bwana Mbaruku akamfafanulia kwa upole. "Miaka saba mfululizo. Lakini ni mlima, dada yangu. Wageni rasmi walihema sana. Mwaka wa nane mke wa mgeni mmoja akavunjika kisigino cha kiatu. Tukasema basi, kwa muda tu, tushukie uwanjani. Watu wakafurahi, pilau ikaongezwa, na mahudhurio yamekuwa mazuri mno."

"Na siku ya maji yenyewe?"

"Ah, siku hiyo watapanda kilimani. Kila mtu anajua."

"Wamejuaje?"

"Imeandikwa," akasema Bwana Mbaruku, akamfungulia ukurasa, na kweli ilikuwa imeandikwa, kwa mwandiko mzuri.

Kidawa akazitazama nyuso za mezani moja baada ya moja. Hakuona mwovu. Mmoja alikuwa anamsogezea sahani ya kashata. Anasema hilo ndilo lililomtia baridi, kwa kuwa waovu angewajulia.

Siku ya Kukimbia ikafika na jua lake, mbingu nyeupe pee. Desturi ilikuwa hivi: saa nne Pandu, mpiga baragumu, husimama juu ya jiwe la mtoni akapuliza mara tatu, na mji mzima hutoka milangoni mbio, kushuka uwanjani. Miaka thelathini na zaidi. Mtoto aliyejua kutembea alikwisha kujua kulikimbilia baragumu. Na kwenye jiwe lile palikuwa na alama nyekundu. Maji yakiifunika, siku yoyote, Pandu alipaswa kupuliza. Mara tatu zile zile. Sheria haikuona haja ya mlio wa pili.

Somoe alikuwa ukingoni tangu alfajiri na sufuria zake tatu. Baba yake alikaa kwenye toroli kando ya moto, amepewa kazi ya kuonja chumvi. Kidawa alimenya vitunguu akilia navyo. Jukwaani Bwana Mbaruku alikaa na wageni rasmi, tepe zinapepea. Huko milimani, mbali, mvua ilikuwa imenyesha siku nne bila kupumzika. Lakini mvua ya mlima wa wengine nani anaihesabu?

Pandu huyu lilikuwa jitu la mtu lenye moyo wa siagi. Alilia hata kwenye harusi alizopita njia tu. Saa nne kasoro akapanda jiweni. Kidawa akamwona hatazami watu, anatazama mto. Maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Ukapita mgomba na mizizi yake. Ukapita mlango wa nyumba, mlango mzima, na kufuli lake. Alama nyekundu ilikuwepo; kisha haikuwepo.

Pandu akaliweka baragumu mdomoni, mashavu yakatuna. "Haya, puliza!" Kidawa akajisemea. Mara Pandu akainua macho kuutazama mji. Mitaa yote iliteremkia mtoni, na katika kila mlango walisimama watu na nguo zao mpya, mafurushi mgongoni, wachanga wamefungwa mbelekoni, mguu wa kulia umetangulizwa, masikio yote kwake. Pandu akaitoa ile pumzi kwa puani. Akashuka mbio, machozi yamekwisha kumtangulia.

"Dada Somoe! Nikipuliza watakuja! Wote watakuja huku huku!"

"Waambie wasije!"

"Niwaambieje? Mimi sina neno jingine. Nina baragumu tu!"

Somoe akautazama mto, akamtazama baba yake. Toroli lilikuwa mbele yake, ekseli mpya, na njia mikono yake iliijua hata akifumba macho. Miaka kumi na moja alikuwa anaingojea saa hii. Angesukuma tu, akaokoka yeye na kila alichonacho duniani, na mji uliomwita Bado nusu ya maisha yake ungejijua wenyewe. Kidawa haoni haya kusema kwamba yeye alipiga kelele, "Nenda, Somoe! Mpandishe mzee!"

Somoe akashika mishikio. Mzee Makame akageuza shingo.

"Simama. Somoe, hawa watu hukimbilia nini?"

"Baragumu, baba! Hebu niache!"

"Baragumu gani! Mimi nimekimbia nao miaka kumi na moja," akasema yule mwenye medali. "Hukimbilia pilau. Nipakatisheni sufuria."

"Itakuunguza, baba!"

"Miguu hii haina habari. Weka!"

Somoe alisita, na Kidawa anasema hajapata kuuona uso wa mtu ukipasuka vile. Kisha akatandika magunia mawili juu ya mapaja ya baba yake. Pandu akainyanyua sufuria ya kati kwa mikono mitupu, akaituliza pale, kifuniko wazi ili harufu itoke. Mzee akapewa upawa. Wakaondoka, Somoe anasukuma, Kidawa na Pandu huku na huku wanaishikilia sufuria.

Bwana Mbaruku akateremka jukwaani amefura. "Pandu! Saa imepita! Na hiyo sufuria mnaipeleka wapi?" Hapo ndipo naye alipouona mto. Akasimama, mdomo wazi, mkono wake wa kushoto umekunjwa kana kwamba umeshika mkono mwingine.

"Bwana Mkuu!" Somoe akamkemea kama anavyomkemea msaidizi jikoni. "Usisimame! Vuta!"

Mkuu akauvua mshipi wake wa hariri, akaufunga mbele ya toroli, akavuta. Wageni rasmi walipoona Mkuu anakimbilia mlimani na chakula, hawakungoja maelezo.

"Pilau inahama!" Mzee Makame akapaza sauti, anaigonga sufuria kwa upawa. "Pilau inapanda kilimani, enyi watu! Inapanda!"

Mtaa wa kwanza ulipigwa na butwaa. "Baragumu halijalia," akasema mwenye duka mmoja, mguu wake wa kulia mbele, hataki kuvunja sheria.

"Kaa na baragumu lako!" mkewe akamjibu. "Sufuria si hiyo inapita?" Akatoka mbio. Mume akamfuata. Jirani akawafuata hao. Harufu ya iliki na mdalasini ikaingia vichochoroni kabla ya toroli, na mitaa ikageuka mmoja baada ya mmoja, watu wanasukumana, wanalalamika, wanauliza ni nani mpumbavu aliyebadilisha uwanja bila taarifa. Hakuna aliyejua kwamba anaokolewa. Waliona wanadhulumiwa pilau yao tu. Na pale juu kwenye mawe, gurudumu halikukwama.

Wa mwisho walipofika mawe yale, nyuma yao kukasikika kishindo. Wakageuka. Jukwaa, uwanja, viti na nyumba zote za chini, pamoja na ile yenye msumari mtupu, vilikuwa vinakwenda na maji. Wenye maduka waliviona viroba vyao vya pumba vinaelea kwa mstari, na rangi zake, vinakwenda zake gwarideni. Walihesabiana mpaka alasiri. Walikosekana mbuzi tu. Lo! Hapo ndipo kilio kilipoanza, kilio cha mtu aliyekwisha kunusurika.

Njaa ikawauma, na baridi ya mlimani. Bwana Mbaruku hakuamuru. Aliomba mafurushi yafunguliwe. Kila mtu akamtazama mwenzake. Hatimaye mwanamke mmoja mwenye lakiri inayong'aa kuliko zote akaing'ata kwa meno. Ndani mlikuwa na karatasi, mwandiko wa nyanya yake, akaisoma kwa sauti: "Mwaka ule watoto walikuwa na njaa. Nimezila biskuti zote. Mkijaliwa, jazeni." Akacheka, akalia, akaibusu ile karatasi. Hicho ndicho kilikuwa kitu cha maana kuliko vyote vilivyopatikana siku ile, maana mafurushi yaliyobaki yalikuwa na vumbi tu.

Wakala pilau ya sufuria moja, mji mzima, kila mtu tonge moja ndogo kiganjani. Somoe alipoitua sufuria kutoka mapajani mwa baba yake, gunia la chini lilitoka na ngozi. Mzee hakuwa amesikia lolote. Kidawa alizunguka kilima kizima kutafuta dawa ya kuungua, na hakuna furushi lililokuwa nayo. Wakamfunga kwa kanga safi. Somoe akaketi kando yake akazificha zile kanga kwa mikono yake miwili, kama anayemwonea aibu.

"Usilie," Mzee Makame akamwambia. "Hii ndiyo medali ya kwanza niliyoitolea jasho."

Siku ya tisa likakaa baraza, huko huko kilimani, kwa kuwa ofisi ilikuwa tope. Sheria ilisema kwamba asiyepuliza baragumu alama ikizama amefanya kosa kubwa kuliko yote, na Pandu mwenyewe alikataa kusamehewa kienyeji. Alitaka aulizwe. Bwana Mbaruku akakalia jiwe, kifua chake hakina mshipi.

"Pandu, uliiona alama imezama?"

"Niliiona, bwana."

"Baragumu lilikuwa mkononi mwako?"

"Lilikuwa mdomoni, bwana."

"Kwa nini basi hukupuliza?"

Pandu akalia, kama kawaida yake. Akapangusa pua kwa kiganja. "Kwa sababu wangenisikia."

Bwana Mbaruku akageuka akautazama uwanja ule chini, au pale ulipokuwa. Kisha akasimama, maana desturi ya baraza ni kwamba hukumu haitolewi kabla watu hawajaulizwa swali la nchi.

"Mko tayari?"

Midomo ikafunguka kwa mazoea. Neno halikutoka.

"Bado," ikasema sauti ya Mzee Makame kutoka kwenye toroli.

Bwana Mbaruku akavua kofia. "Bado," akasema naye, kwa sauti ya mtoto wa miaka saba. Mwenye duka akasema bado. Mkewe akasema bado. Likaenda hivyo, mdomo kwa mdomo, wengine wanalitamka polepole kama wanalijaribu, mpaka kilima chote kikawa kinalisema. Somoe akajifunika uso kwa kanga, akalia kwa kwikwi. Walikuwa wanamtaja yeye.

Pandu hakuhukumiwa. Alihamishiwa kilimani na baragumu lake, ili atakayelikimbilia akimbilie juu. Na asubuhi iliyofuata, Kidawa alipokuwa anajiandaa kuondoka, watu wote waliteremka wakasimama kule chini kwenye tope, na vikongwe wao na vipofu na wajawazito, na daftari jipya lenye safu nyingi. Somoe akaacha wali motoni. Baragumu likalia. Wakapanda, wanajikwaa, wanabebana, wanaachiana mikono na kurudi kushikana. Walipomaliza kupanda, moshi ulikuwa umekwisha kutanda.

Mzee Makame akanusa hewa.

"Umeungua," akasema. "Bado. Turudieni."